Hoteli Ikitekwa Nyara: Tupimeje Hasara?

Juma hili ukurasa wetu unatoka jikoni kwa muda, unakwenda kusimama kwenye meza ya mapokezi ya hoteli. Msidhani tumepotea njia. Katika miji ya Arua na Koboko hoteli ni shamba la watu wengi. Mke wa askari anauza mayai huko, kijana wa koplo ni mhudumu wa mezani, dada wa polisi anafua mashuka, na baba mwenye nyumba, akisafiri kikazi, hulala humo na kuacha nakala ya kitambulisho chake. Hoteli ikipata msiba, msiba huo hufika hadi kwenye lainzi.

Msiba tunaoutaja leo ni wa namna mpya. Wezi hawavunji mlango wala hawachukui godoro. Huingia ndani ya kompyuta za hoteli kwa njia ya intaneti, hufunga majalada yote kwa ufunguo wa siri, kisha huacha barua kwenye kioo: lipeni fidia, ama hamtaona tena hesabu zenu. Siku hizi huongeza tishio la pili: wakati wa kuingia walikwisha kunakili habari za wageni, na wasipolipwa watazitawanya duniani.

Jambo kama hilo likitokea, kila mtu huuliza swali moja: “Wametaka kiasi gani?” Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Fidia anayodai mwizi aghalabu ni sehemu ndogo ya hasara. Hasara yenyewe imelala katika siku zilizopotea, madeni yasiyoweza kuthibitishwa, siri za watu, na imani ya wageni. Mwenye hoteli asiyejua kupima hayo atafanya uamuzi mbaya siku ya shida, na maskini wanaomtegemea ndio watakaolipa.

UHALIFU HUU ULIANZAJE

Hila hii si ya jana. Mwaka 1989 watu wapatao 20,000 katika nchi mbalimbali walipokea kwa posta diski ya kompyuta iliyosemekana kuwa na maarifa juu ya Ukimwi. Baadhi yao walikuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo. Aliyeitumia diski aliona kazi zake zinakwenda vizuri, mpaka kompyuta ilipokuwa imewashwa mara 90. Hapo majina ya majalada yalifichwa, na barua ikatokea ikidai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa kwa jambo hilo, Dkt. Joseph Popp, alikuwa Mmarekani mtaalamu wa elimu ya viumbe ambaye aliwahi kufanya utafiti wa nyani hapa jirani, nchini Kenya. Alipelekwa Uingereza, lakini mahakama ikaona akili zake hazimruhusu kusimama kizimbani.

Tangu wakati huo hila imekua. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiligusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Hoteli nazo zimekuwa windo zuri, kwa sababu hazifungi usiku wala mchana, zinashika fedha na vitambulisho vya watu, na kila saa ya kusimama ni hasara.

MIFANO MITATU YA HOTELI

Mfano wa kwanza unatoka Austria. Hoteli moja ya milimani, Romantik Seehotel Jägerwirt, ilitangaza mnamo Januari 2017 kwamba wezi walifunga kompyuta iliyotengeneza kadi za kufungulia vyumba. Wageni hawakufungiwa ndani, kama uvumi ulivyoenea, ila wageni wapya hawakuweza kupewa kadi. Hoteli ililipa kiasi cha euro 1,500 ikafunguliwa. Lakini wezi walikuwa wameacha mlango wa nyuma ndani ya mitambo ili warudi tena. Mwenye hoteli akasema kwamba atarudia kufuli na funguo za chuma, kama zilivyotumiwa na wazee wake.

Mfano wa pili na wa tatu unatoka Las Vegas, Marekani, mwezi wa Septemba 2023. Kampuni mbili kubwa za hoteli, MGM Resorts na Caesars, zilishambuliwa katika majira yale yale. Inasemekana wezi waliingia MGM kwa kupiga simu ofisi ya msaada wa kompyuta na kujifanya mfanyakazi. Caesars nayo ilieleza kwamba walidanganywa mafundi wa nje waliokuwa wakiihudumia.

MGM ilikataa kulipa. Wageni wakapanga foleni ndefu, kadi za vyumba zikagoma, wafanyakazi wakaandika kwa kalamu. Ilichukua siku zipatazo 10 kabla ya kampuni kutangaza kwamba hoteli zake zinaendeshwa kama kawaida. Baadaye ilitoa hesabu: faida iliyopotea ilikuwa kama dola milioni 100, na gharama za mafundi na mawakili zilikuwa chini ya dola milioni 10.

Caesars, kwa mujibu wa magazeti ya Marekani, ililipa dola zipatazo milioni 15, nusu ya zile zilizodaiwa. Shughuli zake hazikusimama. Lakini ilipotoa taarifa rasmi ilisema imechukua hatua ili habari zilizoibwa zifutwe, ila haiwezi kuhakikisha kwamba zimefutwa kweli. Basi mgeni aliyeandika jina lake pale amebaki na mashaka, ingawa fedha zimekwisha kwenda.

Tazameni vizuri hesabu ya MGM. Katika kila shilingi 11 za hasara, karibu 10 zilikuwa ni mapato yaliyokosekana, na 1 tu ilikuwa ya matengenezo. Hilo ndilo somo la kwanza kwa mwenye hoteli wa huku kwetu: adui mkubwa ni muda.

TUPIME KWA SHILINGI ZETU

Tutunge mfano. Tuseme kuna kampuni yenye hoteli mbili, moja Arua na nyingine Koboko, zilizoungwa kwa mtandao mmoja. Ya Arua hupata wageni wa vyumba 30 kila usiku kwa shilingi 80,000. Ya Koboko hupata wageni wa vyumba 12 kwa shilingi 60,000. Hiyo ni shilingi 3,120,000 kwa siku. Chakula na kumbi za mikutano huleta shilingi 1,880,000. Jumla ni shilingi 5,000,000 kwa siku. Siku moja asubuhi kompyuta zote zinafungwa, na wezi wanadai shilingi milioni 8.

Hesabu ya kwanza ni ya siku. Tuseme kazi inasuasua kwa siku 10, na hoteli inapata nusu ya mapato yake. Imekosa milioni 25. Lakini mhasibu mwaminifu hataandika milioni 25 akaishia hapo. Kuku ambao hawakununuliwa, sabuni ambayo haikutumika na gesi ambayo haikuwaka ni gharama iliyookolewa. Tuseme ni milioni 7. Hasara ya kweli ni milioni 18.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Chumba kilicholala wazi usiku wa leo hakiuzwi tena kesho. Hiyo ni hasara kamili. Lakini semina iliyoahirishwa juma moja ikafanyika baadaye haikupotea, imechelewa tu, wala haifai kuhesabiwa. Vilevile mapato ya siku za msiba yalinganishwe na siku kama hizo za mwaka uliotangulia, wala si na siku bora kuliko zote. MGM ilifanya hivyo: ilieleza kwamba mwezi ule vyumba vilijaa kwa asilimia 88, ambapo mwaka uliotangulia vilijaa kwa asilimia 93. Mtu wa Koboko anajua kwamba mpaka wa Oraba ukiwa na shida, madereva wa malori hupungua hata kompyuta zikiwa nzima. Asimsingizie mwizi hasara iliyoletwa na jambo jingine.

Hesabu ya pili ni ya madeni. Ofisi na mashirika mengi hulala leo na kulipa mwisho wa mwezi. Tuseme ankara za milioni 14 zilikuwa hazijalipwa, na nakala za karatasi zinathibitisha milioni 8 tu. Milioni 6 zimebaki hewani, zinategemea uungwana wa mdaiwa.

Hesabu ya tatu ni ya matengenezo: mafundi na kompyuta mpya, milioni 9, na malipo ya ziada kwa makarani wa kuandika upya habari zote, milioni 2.

Hesabu ya nne ni ya imani. Habari zikienea, baadhi ya wageni watahama. Tuseme kwa siku 60 mapato yanapungua kwa sehemu moja ya kumi. Ni milioni 30, na tukitoa gharama zilizookolewa, tuseme milioni 8, zinabaki milioni 22.

Jumlisheni: 18, na 6, na 9, na 2, na 22. Ni shilingi milioni 57. Mwizi alidai 8.

Meneja atasema, “Basi tungalilipa zile 8 tukaokoa zilizobaki.” Asiharakishe. Mwizi anaweza kupokea na asitoe ufunguo, au akatoa ufunguo unaofungua nusu. Akitoa ufunguo mzima, bado mafundi lazima wasafishe mitambo, kwa sababu mlango wa nyuma unaweza kuwapo kama ulivyokuwa Austria. Na wageni waliopoteza imani hawatarudi kwa kuwa mwizi amelipwa. Kwa hiyo malipo hayafuti zile milioni 57. Huenda yakapunguza sehemu, na huenda yakaongeza 8 juu yake.

Linalopunguza hasara kwa yakini ni nakala za akiba. Katika mfano wetu kila siku ya msiba inagharimu milioni 1 na laki 8. Kama kampuni ingekuwa na nakala nzima za majalada yake, siku 10 zingeweza kuwa 2, na hasara ya siku ingekuwa milioni 3 na laki 6 badala ya 18. Ankara zote zingekuwa na ushahidi. Hiyo ni milioni 20 na laki 4 zilizookolewa kwa diski mbili za nje, ambazo bei yake haifiki milioni moja.

HASARA ISIYOANDIKWA KWENYE LEJA

Mhasibu wa kampuni huhesabu hasara ya kampuni. Lakini kuna hasara inayoangukia watu wengine, nayo haionekani katika leja yake.

Mfanyakazi wa kibarua ndiye wa kwanza. Vyumba vikipungua, mfagiaji na dobi huambiwa wasije kesho. Hakuna mwizi aliyewaandikia barua, lakini chungu chao ndicho kinachokosa unga.

Wa pili ni mama anayepeleka mayai, kuku, mboga au samaki kwa mkopo. Kama deni lake liliandikwa katika kompyuta ya hoteli peke yake, siku ile limepotea pamoja na mengine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama, usitegemee daftari la mnunuzi. Nunua la kwako, andika tarehe, idadi na bei, na kila upelekapo mzigo mpokeaji atie sahihi. Ukurasa ule mmoja utakulinda, hata kama hoteli yenyewe haijui inadaiwa nini.

Wa tatu ni mgeni. Daftari la wageni lina jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, namba ya gari, siku ya kuingia na siku ya kuondoka. Kwa raia, habari hizo zikivuja zinaweza kutumiwa kumwigiza na kukopa kwa jina lake. Kwa askari au polisi mambo ni mazito zaidi, maana orodha hiyo yaonyesha nani alipita wapi, lini, na akiwa na nani. Kwa sababu hiyo hoteli ichukue habari zile tu inazotakiwa kuchukua, na mgeni ana haki ya kuuliza nakala ya kitambulisho chake itahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Afande anayepiga picha ya kitambulisho chake na kuituma kwa simu ya karani ili kuagiza chumba amekwisha kupoteza ulinzi wake kabla hajafika mlangoni.

Isisahauliwe pia kwamba hoteli hufungamana na kampuni nyingine. Mwezi wa Oktoba 2020 wahalifu waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na simu hapa Uganda. Haikuwa kazi ya kudai fidia, ulikuwa wizi wa fedha. Lakini huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu katika MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilisimamishwa kwa muda. Hoteli inayopokea malipo ya simu peke yake inaweza kukwama kwa kosa lisilo lake. Iwe na njia ya pili ya kupokea malipo, na kitabu cha stakabadhi kisikose.

SIKU YA MSIBA: LA KUFANYA

Barua ya mwizi ikitokea kwenye kioo, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, ili moto usirukie kompyuta za jirani. Hoteli ya Arua ipige simu Koboko mara moja, na Koboko nayo ichomoe. Piga picha ya barua ile. Usifute kitu na usimwite kijana wa mtaani aweke programu upya, kwa maana atakuwa amefuta alama za mwizi. Askari polisi mnajua kwamba nyumba iliyoibiwa haifagiwi kabla ya mpelelezi kufika. Kompyuta ni vivyo hivyo.

Kisha ripoti kituo cha polisi, upate namba ya kumbukumbu ya shauri. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inaufanya uingiaji wa namna hii kuwa kosa la jinai. Na kama habari za wageni zimeguswa, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuzihifadhi aiarifu mara moja mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U, ambayo ndiyo yenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi. Kuficha jambo ili jina la hoteli lisichafuke ni kumnyima mgeni nafasi ya kujikinga.

Tangu siku hiyo ya kwanza, mtu mmoja apewe daftari la hasara. Aandike kila siku vyumba vilivyouzwa, wageni waliorudishwa, saa za ziada za wafanyakazi na fedha walizolipwa mafundi. Hasara iliyoandikwa siku yake huaminiwa na benki, na bima, na mahakama. Hasara inayokumbukwa baada ya miezi mitatu ni hadithi.

KABLA YA SIKU HIYO

Watu wa West Nile wana akiba moja ambayo wengi hawaithamini. Kwa miaka mingi umeme wa huku ulitoka kwa jenereta za dizeli na bwawa dogo la Nyagak, ukikatika mara kwa mara. Hoteli zikajifunza kuandika wageni katika kitabu kikubwa na kutoa stakabadhi zenye karatasi ya kaboni. Sasa wako vijana wanaodhani kitabu kile ni ushamba. Kibaki. Kila jioni karani achape kwenye karatasi orodha ya vyumba vilivyoagizwa kwa juma lijalo, aiweke katika kabati lenye kufuli.

Nakala za majalada zichukuliwe kila siku kwa diski mbili kwa zamu, na diski ichomolewe kazi ikiisha, kwa sababu diski iliyoachwa imechomekwa itafungwa pamoja na kompyuta. Kampuni yenye nyumba mbili ina bahati: nakala ya Arua ilale Koboko, na ya Koboko ilale Arua. Ni safari ya kilomita zipatazo 55 kwa lami. Na mara moja kwa mwezi nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa. Askari hangojei vita ndipo ajue kama bunduki yake inafyatua.

La mwisho ni ulimi. Simu ikilia mapokezi, sauti ikasema, “Dada, mimi ni fundi kutoka Kampala, nisomee neno la siri upesi, mkurugenzi anasubiri,” jibu ni hili: “Ahsante, Bwana. Nitakupigia mimi kwa namba tuliyo nayo hapa ofisini.” Fundi wa kweli hatakasirika. Na mkurugenzi asimfukuze kazi wala kumkaripia msichana aliyemchelewesha mtu kwa sababu hiyo, hata kama mtu huyo alikuwa ni yeye mkurugenzi.

Wenye watoto au jamaa wanaofanya kazi hotelini, wasomeeni habari hii leo jioni. Na mama mwenye biashara ya mayai, daftari linunuliwe kesho asubuhi, kabla ya mzigo kutoka nyumbani.

Juma lijalo, Mungu akijalia, tutarudi jikoni: namna ya kuhifadhi muhogo mkavu usishikwe na ukungu wakati wa masika.